Kiswahili kwa Wageni

Mimi naitwa Dionis, wa Murungu, Kibondo. Nimezaliwa hapa, baba yangu kazaliwa hapa, babu yangu kazikwa hapa. Naanza na hilo kwa sababu kuna simu imekataa.

Iko hivi. Kuna chuo kimoja cha afya Kasulu, jina silitaji. Zamani ukitaka uuguzi pale unapeleka cheti, unafanya mtihani wao wa kuingia, basi. Mwaka huu wakaja na mpya: kabla ya mtihani lazima ufanye mazoezi ya mtandaoni. Wameyaita Zoezi Langu. Eti kila mtu anapata mazoezi yake, kulingana na yeye alivyo. Ukikosea kitu inakurudisha kwenye hicho kitu mpaka ukielewe. Ukipatia inakupandisha. Madaraja matano. Ukifika la tano unapewa namba ya mtihani, usipofika huna namba, na bila namba getini hupiti. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni, mtihani wenyewe Jumatatu.

Nikasema safi sana. Form four nina B ya baiolojia, darasani kwetu hakuna mwingine aliyeipata. Nikajipigia hesabu, hii kwangu siku mbili.

Sasa, majibu huandiki. Unabonyeza alama ya maiki unaongea, kwa sababu wanasema muuguzi lazima ajue kumweleza mgonjwa kwa mdomo. Sawa, mdomo ninao. Swali la kwanza: ini liko upande gani wa mwili? Nikajibu kama mtu anayejua, kulia, chini ya mbavu. Simu ikaandika ilichosikia: KURIA CHINI YA MBAVU. Halafu nyekundu: Si sahihi.

Nikarudia taratibu. KURIA. Si sahihi. Nikasogeza simu mdomoni kama nataka kuing'ata. KURIA.

Nikuambie kitu. Sisi Waha l na r kwetu ni ndugu wa tumbo moja. Kuandika naandika vizuri, si unaona mwenyewe, ila mdomo ukifunguka r inatangulia. Na hakuna anayeshangaa! Mwambie mtu yeyote Kibondo nzima una mararia, hakuulizi ni ugonjwa gani huo. Anakwambia nenda kapime.

Swali la tano ndo lilinimaliza. Mgonjwa wa sukari hataki chakula, utamshauri nini? Nikasema asiache kula, ale kidogo kidogo mara nyingi. Simu ikaandika ASIACHE KURA. Chini yake: "Swali hili ni la afya. Jibu lako linahusu uchaguzi."

Uchaguzi! Mgonjwa yuko kitandani, sukari imemshuka, mimi namwambia akapige kura!

Ilipofika swali la kumi ikaleta ukurasa mwingine, una maua maua pembeni. "Hongera, Dionis! Tumegundua kwamba Kiswahili si lugha yako ya kwanza. Tumekuandalia njia yako mwenyewe: Kiswahili kwa Wageni, Hatua ya Kwanza." Na sauti ya dada mmoja mpole kweli: "Hii ni meza. Sema: hii ni meza."

Unajua kilichonichoma? Ni kwamba hawajadanganya. Kweli Kiswahili sio changu cha kwanza, cha kwanza ni Kiha. Ila nani kasema anayejua lugha mbili ndo mgeni? Na sisi wa huku hilo neno mgeni tunalijua. Ukienda Dar ukafungua mdomo tu, mtu anakuuliza, wewe Mrundi? Unaonyesha kitambulisho, anakiangalia mara mbili. Sasa hata zoezi la ini linaniuliza.

Jumanne mpaka Jumatano nikafundishwa meza, kiti na kalamu. Ini sikuliona tena.

Alhamisi nikaenda dukani kwa kina Shadia, sokoni Kibondo. Tumemaliza naye shule moja. Kwao asili ni Tanga, baba yake alikuja huku na vitenge akabaki. Baiolojia ana D, na simsemi vibaya, mwenyewe anajua.

"Mimi nishafika la tano tangu jana," akaniambia. "We umekwama wapi, Dio?"

"Kwenye meza."

Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakalia gunia la mchele.

"Hebu sema kula."

"Kura."

"Ku-la."

"Si ndo nasema!"

"Haya, lete simu. We ninong'oneze majibu, mimi nayatamka. Jioni hii hii unapata namba yako."

Nusura nikubali, sitakudanganya. Nilishampa mpaka simu. Halafu nikawaza, siku ya kwanza wodini nitaongea kwa mdomo wa nani? Nikamnyang'anya.

"Kiburi hicho kitakuacha Murungu unalima mihogo," akasema.

"Basi nilime."

Lakini Ijumaa asubuhi nilipanda gari la Kasulu. Saa nne niko chuoni.

Ofisi ya mtihani ilikuwa na madam mmoja anaitwa Ghati, mtu wa Tarime, mkufunzi wa siku nyingi. Benchi nje limejaa watu na bahasha zao. Nikaingia na hasira yangu yote, hata shikamoo niliisema kama matusi.

"Madam, mimi sio mgeni."

"Nani amesema wewe mgeni?"

"Mfumo wenu."

Nikaeleza mwanzo mpaka mwisho. Hakuinua hata macho kwenye makaratasi yake.

"Kijana, mfumo haukosei. Umekupa kinachokufaa wewe. Ndiyo maana unaitwa Zoezi Rangu."

Zoezi Rangu. Nimesikia vizuri kabisa.

"Madam, naomba ujaribu wewe."

"Unataka kunipima mimi?"

"Hapana madam. Naipima simu."

Watu wa benchi wakaanza kuchungulia mlangoni. Nadhani angekuwa peke yake angenifukuza, ila mbele ya watu akaichukua simu. Nikamfungulia mazoezi mapya kwa jina lake. Swali likaja: mtoto anaharisha, mama yake utamwambia nini?

Madam akasema bila hata kufikiri, "Aenderee kumnyonyesha, na ampe maji ya chumvi na sukari kira anapoharisha."

Nyekundu.

"Imesikia vibaya," akasema. Akarudia kwa sauti kubwa. Nyekundu. Swali la pili, nyekundu. La nne alikuwa amesimama wima, kidole kimoja hewani, anaifokea ile simu kama mwanafunzi aliyechelewa kipindi. La kumi likapita, yakaja maua.

"Hongera, Ghati! Tumegundua kwamba..."

Dada mpole akaendelea mpaka mwisho. Hii ni meza. Sema: hii ni meza.

Kwenye benchi mtu alikohoa. Nilitaka kucheka nikashindwa, maana uso wake ulikuwa uso wangu wa Jumanne.

"Mimi," akasema taratibu. "Mimi nimefundisha wauguzi miaka kumi na tisa. Wariotengeneza hiki kitu, wakunga wanaozarisha wake zao niriwafundisha mimi, na wananiambia hii ni meza?"

Hakunipa namba ya bure, usifikiri. Alivuta kiti akaniuliza maswali kumi kwa mdomo, pale pale, mlango wazi, watu wanasikia. Ini, sukari, joto la mwili, kidonda cha moto. Nikapata tisa. La kumi alinieleza kosa langu, kazi ambayo ile simu siku nne haikuifanya. Akaandika namba yangu kwa kalamu, akagonga muhuri mpaka kikombe chake kikaruka.

Nikasema asante. Nikafika mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Alikuwa ameshafungua kompyuta. "Njoo uone."

Majina arobaini na matatu, yote yamepelekwa Kiswahili kwa Wageni. Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Kasulu yenyewe. Wa Dodoma hayumo, wa Dar hayumo. Kompyuta iliwapanga vizuri, kwa alfabeti, na wiki nzima hakuna aliyewauliza wako wapi.

"Saa ngapi?"

"Saa sita, madam."

"Kaa hapo. Wewe piga, ukimpata nipe mimi nimuurize."

Tukapiga. Wengine walikuwa shambani, mmoja alijibu maswali akiwa juu ya baiskeli. Wawili walishakata tamaa, nikawatukana kidogo, wakajibu vizuri sana. Saa tisa na nusu nikafika kwa mmoja wa Mabamba, kule mpakani, jina lake Manirambona. Alipokea baba yake.

"Hana shida na chuo," mzee akasema.

"Mzee, mwisho ni saa kumi, naomba mpe simu."

"Simu imesema sisi wageni. Sasa mnapiga ili mjue tunakaa wapi? Kitambulisho tunacho. Mwambie aliyekutuma, kitambulisho tunacho."

Hapo ndo nikaelewa. Mimi yale maua yalinitia hasira. Huyu mzee yalimtia hofu, alidhani ni watu wa uhamiaji. Nikabadilisha, nikaongea naye Kiha. Nikamwambia hata madam wa chuo imemwita mgeni, na ni mtu wa Tarime, yuko hapa mbele yangu na kalamu.

Akapunguza sauti.

"Madam mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee. Imemfundisha meza."

Nikasikia simu inapita mkono kwa mkono. Manirambona akaanza kujibu kwa kunong'ona, anakwepa maneno, kila penye l anatafuta neno lingine.

"Sauti!" madam akampigia kelele. "Muuguzi haongei kama mwizi! Sema hivyo hivyo unavyosema!"

Akapaza sauti. Madam akaandika namba. Mimi nikawa nishabonyeza jina linalofuata, yamebaki kumi na moja na dakika ishirini.