Mupunga wa Kumuita Kozi

Mama Pulchérie alikuwa na miaka saba wakati mama yake alimupa mukebe na fimbo, akamukalisha kwenye kingo ya shamba ya mupunga, akamwambia ndege basile hata punje moja. Tangu siku ile mpaka sasa, na leo iko na bajukuu, hakuna musimu uliopita bila yeye kufukuza ndege kwenye bonde ya Mutambala. Ndiyo maana bantu ba Baraka balicheka baliposikia kama anataka kuwa muongozaji wa bageni banaokuja kuangalia ndege.

Aliyecheka zaidi ni Norbert, prezida wa komite ya baongozaji. Norbert alikuwa na jumele ya kuonea mbali shingoni, kitabu ya picha, na telefone yenye sauti za ndege ndani. Alimueleza Mama Pulchérie pole pole, kama mutu anayemupa mugonjwa dawa, asema kufukuza ni kazi ingine na kuonyesha ni kazi ingine, na zaidi yeye aliacha masomo mwaka wa tatu ya shule ya primaire. Kadi ya muongozaji ilikuwa imebaki moja tu. Mama Pulchérie akiikosa, itaenda kwa mwanaume mumoja wa Uvira.

Basi bageni sita balifika. Balikuwa batoka Bujumbura, bavuka mupaka kule Kavimvira, bateremuka na barabara ya ziwa, Swima, Nundu, mpaka Baraka. Mukubwa wao alikuwa Mama Constance, munganga wa hospitali ya Lubumbashi, mutu wa maneno kidogo. Ndege bengine alishaona. Alitafuta mumoja tu, kozi, ndege muwindaji mwenye kichwa nyekundu, yule anayekaa kwenye michikichi, na alikuwa anamutafuta miaka kumi na moja.

Siku mbili Norbert alibazungusha. Kila pahali alifungua telefone yake, ikalia, bakangoja. Aliyeitikia ni jogoo ya pasta. Ikabaki asubuhi moja tu, kwa sababu saa sita motokari itabarudisha.

"Mi namujua huyo kozi," Mama Pulchérie alimwambia Norbert. "Kwa kitabu simujui. Lakini namujua."

Norbert alikuwa amechoka, na miguu inamuuma. "Chukua asubuhi, Mama. Akionekana, kadi ni yako. Asipoonekana, utarudia mukebe yako, na tusisikie tena ile maneno."

Jioni ile Mama Pulchérie alipita kwa Zainabu, mukubwa wa bamama ba mupunga, shamba yao inapakana. Alimwambia kesho analeta bageni ba ndege, batengeneze pahali vizuri, basimupatishe haya. Zainabu alimushika mukono, akamwambia alale na roho safi.

Sasa, kwa bantu ba mupunga, kutengenezea mugeni pahali iko na maana moja tu.

Asubuhi, jua ikitokea juu ya milima ya Ubwari, kundi lilifika bondeni. Bonde ilikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Hakuna hata ndege mumoja. Bamama kumi na wawili balikuwa basimama kwenye kingo, matope mpaka magoti, mikebe mukononi, nyuso zinangaa na furaha.

"Tumeanza mapema, giza ikitoka tu," Zainabu alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele. "Tumefagia bonde yote, dada. Hakuna ndege atakayesumbua bageni bako."

Norbert alicheka mpaka akakaa chini. Bageni baliangaliana. Mama Constance hakucheka. Aliweka chini lunete yake ya miguu tatu, ile ya kuvuta ndege karibu, akaangalia saa.

Mama Pulchérie hakumukaripia Zainabu. Mutu aliyekufagilia nyumba, huwezi kumupiga na ule ufagio wake.

Akaangalia michikichi kule pembeni, akawaza. Kozi hali mupunga. Anakula bale banaokula mupunga. Anakaa juu, anangoja ndege badogo bashibe, bakuwe bazito, na mikebe ikilia, banaruka bote pamoja kama bipofu, naye anachukua wake. Mama gani wa bonde hajui ile? Hakuna anayemutupia kombeo. Banamuita mulinzi mwenzetu. Norbert alimutafuta siku mbili katika kimya, sawa kitabu inavyosema, na kumbe huyu ni ndege wa kufuata kelele.

Kwa hiyo, kwanza, bale ndege badogo, bezi ba mupunga, barudi. Na bezi hawarudi bure.

Alibaambia bamama kila mutu asimame ndani ya shamba yake, mukebe chini, mudomo kimya.

"Mupunga iko maziwa, punje ingali laini," Zainabu alimunongoneza. "Tukinyamaza batakula. Batakula ya nani?"

"Yangu. Iacheni wazi."

Zainabu alimuangalia sana. Kisha akaenda, akasimama kwake kama nguzo.

Bageni balichuchumaa nyuma ya kingo. Ndege mumoja alikuja, akakaa kwenye shuke, likainama. Kisha kumi. Kisha wingu nzima lilitua katikati ya mupunga ya Mama Pulchérie, na midomo yao ikafanya sauti kama mvua kidogo juu ya majani. Mikono yake ilimuwasha. Misimu yote ile, haijawahi kutulia mbele ya ndege anayekula. Akaikalia.

Mugeni mumoja alitaka kusimama apige picha. Mama Pulchérie akamuvuta na shati. Norbert akamusogelea, akamwambia shamba imeliwa nusu na dereva anangoja.

"Bado. Hawajashiba."

"Unajuaje?"

"Bakishiba, banaacha kugombana."

Norbert akatega masikio. Kweli, kule ndani balikuwa bangali banagombana kama bamama kwenye bomba ya maji. Bakangoja. Pole pole makelele ikapungua, ikapungua, mpaka kukabaki mumoja tu anayelalamika. Halafu na yeye akanyamaza.

Mama Pulchérie alitoa mukono chini yake, akauinua.

"Sasa, bamama."

Mikebe kumi na miwili ililia kwa mara moja. Wingu likainuka, zito, likijigonga lenyewe. Na toka kwenye muchikichi kitu kikashuka kama jiwe lililotupwa na mutu mwenye hasira, kikapasua wingu katikati, na manyoya kidogo ikabaki inaelea hewani. Kozi alizunguka, akarudi juu ya muchikichi wake na chakula kwenye makucha, akatulia ndani ya jua, anyonyoe. Kichwa yake ilikuwa nyekundu kama mafuta ya mawese iliyotoka motoni.

Mama Constance aliinamia lunete wakati murefu. Alipoinuka, macho yake ilikuwa na maji, na hakuipanguza.

"Mama Pulchérie, njoo uone."

Alikuja, akafunga jicho moja. Kozi alikuwa pale pale, karibu ya kumugusa, na duara ya manjano kuzunguka jicho. Maisha yake yote alimujua kama kivuli kinachopita.

"Kumbe uko hivi," alimwambia.

Bamama bakapanga mustari na matope yao, kila mumoja anaangalia, anamuachia mwenzake. Zainabu alipofika, akamusalimia kozi kama jirani, halafu akasema kwa sauti kubwa kwamba wakati wa kuvuna kila mama atamukatia Mama Pulchérie muganda moja ya mupunga. Hakuna aliyekataa.

"Prezida," Zainabu akaongeza, "ile telefone, umupe jogoo ya pasta. Bameshazoeana."

Bote bakacheka, na Norbert pia. Akatoa kadi mufukoni pamoja na kalamu. Mama Pulchérie aliandika jina lake juu ya goti, herufi moja moja, sawa alivyofundishwa mwaka wa tatu, wala hakuulizia hata moja. Norbert mwenyewe akamuvalisha shingoni, akasema mwezi ujao kundi ingine inakuja, na yeye ndiye atakayebaongoza.

Kabla hajajibu, aliona ndege banarudia shamba yake. Akaokota mukebe, akashuka ndani ya matope akiupiga, kadi inarukaruka kifuani. Juu ya muchikichi, kozi aligeuza kichwa.