Kamba ya Mkunga

Riwaya ilikuwa tayari, kurasa mia nne na ushei, imesomwa, imefumuliwa na kushonwa upya, na mhariri hakuwa na dai jingine ila moja. Alitaka kurasa mbili za mwisho ambamo mwandishi angewaeleza wasomaji, kwa kalamu yake mwenyewe, kilichomsukuma kuandika habari za wachawi wa zama za kale. Wasomaji wa siku hizi, alisema mhariri, wakishakula hupenda kuchungulia jikoni. Akampa muda hadi Jumamosi.

Mwandishi alikubali kwa wepesi wa mtu ambaye hajafikiri. Siku tatu zikapita, karatasi ingali nyeupe. Si kwamba hakujua la kuandika. Alilijua vyema mno, na kulijua huko ndiko kulikomfunga mkono.

Alipoliona alikuwa na umri wa miaka saba. Bibi yake mzaa mama alikuwa mkunga, na babu yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akiwasomesha watoto wa mtaa mzima ukumbini mwake. Asubuhi na jioni watoto wale waliinua sauti kumwomba Mola awakinge na shari za wanaopulizia mafundo, na hapakuwa na mtoto wa nyumba ile asiyejua kwamba hao ni wachawi. Ndipo alasiri moja, akiutafuta mpira wake chini ya dirisha, mjukuu akamwona bibi yake ameketi peke yake, kamba nene ya pamba imelala mapajani mwake, na kamba yote imejaa nyuzi ndogo ndogo zilizofungwa. Bibi aliutwaa uzi mpya, akaupeleka mdomoni, akanong'ona, kisha akafunga fundo.

Mtoto alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kabla hajatoa sauti, mkono wa mama mkubwa, dada wa mama yake, ulimkamata begani ukamvuta hadi nyuma ya nyumba. "Hukuona kitu," aliambiwa. Halikuongezwa neno jingine, siku ile wala baadaye.

Kutokana na fundo lile moja riwaya yote ilizaliwa. Malkia wa wachawi aliyezifunga mvua za nchi nzima katika kamba, majeshi yaliyokufa kiu, waganga waliotumwa kuiba kamba wasirudi: yote hayo aliyabuni, lakini ule mdomo ulioukaribia uzi hakuubuni. Angeandika nini basi? Akisema kweli, atakuwa amemtangaza bibi yake kuwa mchawi mbele ya watu asiowajua, naye marehemu hana kinywa cha kujitetea. Akisema uongo, atakuwa amemaliza kurasa mia nne kwa khiyana ya kurasa mbili. Na zaidi ya hayo, hata yeye hakuwa na hakika. Aliona kwa macho ya mtoto. Kumsingizia maiti ni mzigo ambao mtu huenda nao mbele ya haki, na hakutaka kwenda nao.

Mama yake alikwisha kufariki. Aliyebaki kuulizwa alikuwa mmoja tu, yule aliyemshika bega. Siku ya Jumatano akapiga moyo konde, akaenda.

Mama mkubwa alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka sabini na kitu. Mtaani wakimwita Mama Pindo, kwa kuwa nguo haikutoka mkononi mwake bila kupindwa mara mbili, utake usitake. Chumba cha mbele kilikuwa karakana: sare za shule zimening'inia ukutani kama wanafunzi walioadhibiwa, vipande vya kitambaa vimejaa kapuni, na chini ya dirisha cherehani ya miguu iliyokuwa na umri wa ndoa yake. Yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Husema kwa mzaha kwamba amewavisha wengi kiasi cha kutokuwa na nafasi ya kuzaa, na watu hucheka, kisha hutazama pembeni.

"Umekonda," alisema, bila kuinua macho. "Wachawi wako hawakupi chakula?"

Mwandishi alicheka kidogo, akaketi juu ya marobota, akamweleza yote: maombi ya mhariri, Jumamosi, na karatasi nyeupe. Alipofika kwenye dirisha na mpira, mguu wa mama mkubwa ukaacha kukanyaga, na gurudumu la cherehani likazunguka peke yake mpaka likachoka.

"Umekwisha kuandika?"

"Bado, mama mkubwa. Nimekuja kukuomba ruhusa. Ukisema nisiandike, siandiki."

"Ulitaka kuandika nini?"

"Nilichokiona."

"Basi uliona kidogo," alisema mama mkubwa.

Aliinuka, akafukua kapu la vipande mpaka chini, akatoa kopo la biskuti lililoshika kutu. Ndani yake ilikuwa imejiviringa kamba ile ile. Aliitwaa mama yake alipofariki, alieleza, na hakuichoma kwa kuchelea kwamba kuichoma ni kukifunga milele kilichofungwa. Hakuifungua, maana hakuyajua maneno yake. Akaishi nayo tu, kama mtu anayeishi na jino bovu.

Kisha akamsimulia lililokuwa limekaa kifuani mwake kwa miaka hamsini. Alipokuwa ameolewa mwaka wa pili na hajashika mimba, mwanamke mmoja wa jirani, aliyeharibikiwa na mimba mara mbili mfululizo, alianza kunong'ona kwamba mkunga wa kamba anafunga vizazi vya watu. Neno likapita mlango hadi mlango. Mama Pindo, ambaye wakati huo hakuwa Mama Pindo bali binti wa mwalimu wa chuo, hakuliamini. Lakini siku moja alifika kwao bila kubisha, akamkuta mama yake ameishika kamba, kidole juu ya fundo la kwanza, fundo la uzi mwekundu. Na kilichotoka mdomoni mwa mama yake kilikuwa jina. Jina la bintiye. Jina lake yeye.

Alirudi kwa mumewe bila kuagana. Hakuuliza. Angemwuliza nani? Baba yake, ambaye kila jioni alikuwa akiwafundisha watoto kujikinga na jambo hilo hilo? Miaka ikapita, mtoto hakuja, na kila mwaka ulikuwa shahidi mpya.

"Alikuwa mama yangu," alisema. "Nilimpenda, na nilimwogopa. Alipofariki nilimwosha mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Hata pale, mwanangu, nilikuwa nikivitazama vidole vyake."

Akatwaa sindano ili kujipa kazi, akalowesha ncha ya uzi midomoni na kuupitisha tunduni. Mwandishi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Aliuliza tu kama bibi aliificha kamba. Mama mkubwa alisema hapana, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Kila mwisho wa mwezi bibi alivaa nguo zake nzuri, akaitia kamba kikapuni, akaenda nayo zahanati walipokaa wajawazito. Aliondoka asubuhi, akarudi mchana.

"Kila mwezi?"

"Hakukosa hata mwezi mmoja."

"Na walimfungulia mlango?"

Mama mkubwa akaichomeka sindano kitambaani. Kwa miaka hamsini alikuwa ameitazama njia ile kutoka upande wa nyumbani, na haikumpitikia kuitazama kutoka upande wa zahanati. Ni zahanati gani inayomkaribisha mchawi mara kumi na mbili kwa mwaka?

Kesho yake asubuhi walikwenda pamoja, kopo limefungwa ndani ya kitambaa cha sare. Zahanati ilikwisha kuwa kituo kikubwa chenye ghorofa, lakini nyuma ya jengo jipya chumba cha kumbukumbu kilikuwa kile kile cha zamani, na rafu zake zilifika darini. Mtunza kumbukumbu alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimwamkia mama mkubwa kwa heshima, akaitikiwa, kisha akaeleza kwamba madaftari ya uzazi ya miaka wanayoitaka yana umri kumzidi yeye, kwa hiyo ingekuwa adabu nao wayaamkie kwanza. Mama mkubwa hakucheka. Mikono yake ilikuwa imelikumbatia kopo kama mtu anayengoja hukumu.

Mwandishi alimwambia wanamtafuta mkunga wa mtaani aliyekuwa akija na kamba.

"Mkunga wa kamba?" alisema mtunza kumbukumbu. "Huyo namjua. Simjui kwa sura, namjua kwa mwandiko wa watu."

Akapanda ngazi, akashuka na daftari la watoto waliopokewa na mkunga huyo, lenye jalada la kitambaa, akalipangusa kwa kiganja. Majina ya wazazi hakuruhusiwa kuyasoma mbele ya watu, alisema, hivyo akayafunika kwa rula. Lakini mtoto wa kike ni wa kike, na wa kiume ni wa kiume, na hilo si siri ya mtu. Mwandishi aliitandaza kamba mezani, ili mafundo yalinganishwe na daftari. Mama mkubwa hakutaka kuitazama. Alifumba macho, akaiweka chini ya vidole vyake, vidole vya fundi vinavyotambua hariri gizani.

"Nyekundu tatu kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Ziruke hizo. Anza na nyeupe."

"Wa kike," alisoma mtunza kumbukumbu.

"Fundo moja."

"Wa kike tena."

"Moja."

"Wa kiume."

"Mawili."

"Mapacha, wa kiume na wa kike."

"Hapa uzi mmoja umegawanyika. Upande huu mawili, upande huu moja."

Mtunza kumbukumbu alimtazama mwandishi juu ya miwani, akaendelea. Mtoto mmoja aliandikwa kuwa hakuishi, na vidole vikakuta pale kitanzi kilichoachwa wazi, bila kukazwa. Mama mkubwa alikishika kitanzi kile muda mrefu kuliko mafundo mengine.

Walipofika kwa mtoto wa tisa wakakwama. Daftari lilisema wa kiume. Kamba ilikuwa na fundo moja tu. Vidole vikarudi, vikahakikisha, vikasimama. Mama mkubwa akafumbua macho, na uso wake ukawa ule ule wa miaka yote, uso wa mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba kheri haimfikii. Mtunza kumbukumbu aliinamia ukurasa, akafuata alama ndogo ya wino hadi ukingoni, akatabasamu.

"Sikilizeni karani alivyoandika. 'Kosa ni langu, si la mkunga. Ni wa kike. Amenisahihisha leo mbele ya wauguzi, nami sina pa kuuweka uso.'"

Kwa mara ya kwanza siku ile mama mkubwa alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa. Ndiye yeye hasa, alisema. Alikuwa akimsahihisha baba pia.

Basi ikadhihirika. Bibi yule hakuishika kalamu maishani mwake. Aliyoyajua aliyajua kwa moyo. Zahanati ilimtaka alete hesabu ya watoto aliowapokea, naye akaileta kwa namna aliyoiweza. Mwandishi akaeleza na habari ya mdomo, kwamba uzi wa pamba mkavu huteleza, na kwamba jana alimwona fundi mmoja akiulowesha uzi kwa midomo yake ili autie sindanoni, kama alivyokuwa akifanya kila siku ya Mungu kwa nusu karne. Mama mkubwa alivitazama vidole vyake, akaigusa midomo yake.

"Na jina langu?" aliuliza. "Uzi huo sawa. Jina langu alilitajia nini?"

Mtunza kumbukumbu ndiye aliyelifunua jalada la mbele, mahali ambapo karani wa kwanza, mwenye mwandiko wa madaha, aliacha wasia kwa atakayekirithi kiti chake. Akausoma polepole:

"'Mkunga wa kamba asikatizwe. Kila afikapo huanza na nyuzi tatu nyekundu, ambazo ni wanawe mwenyewe: binti mkubwa, binti mdogo, na mtoto aliyefariki. Huwataja kwa majina na kuwaombea, ndipo afuatishe wana wa watu kwa dua hiyo hiyo. Nimemkatiza mara mbili, na mara mbili amerudi mwanzo. Asema akiwaruka hao, vidole vyake havijui njia. Ewe mwenzangu, vumilia.'"

Nje, magurudumu ya kitanda cha wagonjwa yalipita yakapotea.

"Basi hakunifunga," alisema mama mkubwa.

"Hakukufunga. Alikuwa akianza na wewe."

Mama mkubwa hakulia, ingawa mwandishi alikwisha kuandaa leso. Alishusha pumzi moja, ndefu, mabega yakashuka nayo, na mwandishi akaona kwamba kumbe mama yake mkubwa hakuwa mtu wa mabega ya juu. Alikuwa ameyapandisha tu, miaka yote hiyo. Akaligusa fundo la kwanza jekundu, akasema maneno ya kumrehemu mama yake, na baada yake akaomba msamaha kwa sauti ambayo haikuwahusu waliokuwapo. Kwa nini hakujaaliwa mtoto, hilo Mola ndiye ajuaye, na sasa lingeweza kubaki kwake Mola peke yake.

Njiani kurudi alizungumza bila kituo. Alikumbuka mapishi, magomvi, nyimbo za kubembelezea, mambo ambayo mwandishi hakupata kuyasikia kwa sababu kila kumbukumbu ilikuwa imepita mlango uliofungwa.

Jioni hiyo, palepale juu ya marobota, kurasa mbili ziliandikwa kwa mkupuo mmoja. Mwandishi alisema kwamba kitabu chake kilizaliwa na kosa la mtoto wa miaka saba na kosa la mtu mzima aliyempenda mama yake, na kwamba malkia wa riwaya ni wa kubuni tangu unyayo hadi utosi, lakini kamba ilikuwapo, na ilikuwa daftari. Alimsomea mama mkubwa. Akatakiwa kufuta neno moja tu, "masikini", kwa maana mama yake, alisema, hakuwa masikini wa kitu.

Kisha mama mkubwa akaivuta kamba, akaitafuta sehemu tupu baada ya fundo la mwisho.

"Hicho kitabu chako," aliuliza, "ni cha kike au cha kiume?"

"Cha kike, nadhani. Kinasema sana."

Mama Pindo alikata uzi mweupe, akaulowesha midomoni, akanong'ona, akafunga fundo moja na kulikaza kwa meno.

"Haya, ondoka mwangani," alisema, na mguu wake ukarudi kwenye cherehani. "Nina sare za watu."