Mzee Alimohamed Ajifunza Kusimama

Wiki nzima mzee Alimohamed alijifungia msalani akijifunza kukojoa wima. Kwao Mwanza alifunzwa kuchutama, na tangu ahamie Toronto alikojoa amekaa chooni. Lakini sasa daktari alitaka akojolee faneli ya mashine inayopima kasi ya mkojo, na mzee akajiamulia kuwa mashine ya Wazungu ni ya watu waliosimama. Kipimo kisipofaulu, mpira ungepitishwa mpaka ndani ya kibofu. Mpira huo ndio uliomkosesha usingizi.

"Umesimama kama askari wa geti," mkewe Mumtaz alimwambia akiwa nje ya mlango. "Kuna kinachotoka?"

"Matone. Nenda zako, unanikatisha!"

"Nimekuzalia watoto watatu, leo nakukatisha!"

Alicheka, ila hakuondoka mlangoni.

Siku ya kipimo ilibidi afike kibofu kimejaa. Mumtaz akamnywesha maji, glasi baada ya glasi, akimbembeleza kama mtoto mwenye homa. Ndani ya basi kutoka mtaani kwao Malvern, kila breki ilipokanyagwa Mumtaz alimbana mkono. "Vumilia, Baba Nadim. Tunakaribia."

Hospitalini nesi Mkenya, Nyanchama, aliwaamkia shikamoo, akamwingiza mzee chumbani peke yake na kufunga mlango.

Mumtaz akatega sikio. Kimya. Akamwona kwa macho ya moyo, amesimama wima, amebanwa hadi kupasuka na tone halitoki. Akamnong'oneza nesi kisa chote.

Nyanchama akagonga mlango taratibu. "Mzee wangu, nani kakwambia usimame? Hapo nyuma yako kuna kiti chenye tundu, kiweke juu ya faneli. Fanya kama nyumbani. Hicho ndicho tunachotaka kupima."

Kiti kikaburutwa. Kikapita kitambo. Kisha mkojo ukaanza, mwembamba, ukakatika, ukaanza tena. Mumtaz akajikuta analia huku akitabasamu.

Nyanchama akasoma karatasi ya mashine. "Kasi ni ndogo, daktari atawaeleza dawa. Lakini kipimo kimekamilika. Mpira hauna kazi leo."

Mzee alitoka akiwa amechomekea shati upande mmoja tu.

"Mbona hukuniambia naweza kukaa?" akamnung'unikia mkewe.

"Ningekwambia nini, na kila nikifika mlangoni unanifukuza?"

Mbele za watu, jambo asilowahi kulifanya, mzee akamwegemea begani, na wakaenda hivyo mpaka kwenye lifti.