Pasi ya Kwanza Kuzimwa

Pikipiki iliyomleta Mama Zamda kijijini Kwihara ilikuwa na picha ya Zamda mbele, juu ya taa. Recheli aliiona tangu barabarani, akaendelea kubangua karanga. Mwaka na miezi miwili alikuwa akimwonea wivu mwanamke aliye gerezani, na alijua fika kwamba jambo hilo halisemeki mbele za watu.

Ukweli ulikuwa hivi. Katika ufalme mmoja wa Ghuba, ambako neno la mfalme ndilo sheria, wanawake thelathini wa Tanzania walipiga pasi katika kiwanda cha kufulia. Wiki ya sherehe za mfalme waliletewa bendera elfu sita zenye sura yake. Asubuhi hiyo Recheli alizima pasi, akasema hagusi bendera hata moja mpaka wote warudishiwe pasipoti zao. Pasi zikazimwa meza baada ya meza. Polisi walipouliza nani ameanza, Recheli alikuwa bado anatafuta mate mdomoni. Zamda wa meza ya saba akajitokeza.

"Mimi."

Akafungwa miaka saba. Wengine wakarudishwa makwao. Mjini Tabora misikiti ilimwombea Zamda dua na fulana zikachapwa sura yake. Recheli aliulizwa tu, "Kumbe na wewe ulikuwepo?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikai." Mama Zamda akakaa. "Wakili anasema aliyeanzisha ndiye wa miaka saba. Aliyefuata ni mwaka mmoja, na Zamda ameshaumaliza. Nani alianza?"

Siku ya Jumanne Recheli alikuwa asafiri tena kikazi, kwenda ufalme jirani na ule. Viza ilikuwa imetoka. Falme hizo hupeana majina ya wakorofi. Akisema, safari imekufa. Akinyamaza, Zamda atabaki ndani, na fulana zitaendelea kuchapwa. Hizo fulana ndizo zilizomkera.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa meza ya pili. Pasi yangu ndiyo ya kwanza kuzimwa."

Mama Zamda hakushtuka. Alitoa karatasi mkobani. "Mungu akubariki. Mna moyo mmoja nyote."

"Nyote?"

Karatasi ilikuwa na majina ishirini na mawili chini ya maneno haya: *Mimi ndiye niliyeanza.* Apolinaria wa Kigwa alikuwemo. La mwisho lilikuwa la Levina wa Igalula.

"Mama, hawa wamedanganya ili kumwokoa. Mimi nasema kweli."

"Hata Levina alisema hivyohivyo."

"Levina alikuwa chooni."

Mama Zamda akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu afike. "Haya. Andika chini yake."

Recheli alishika kalamu, asiandike mara moja. Majina ishirini na mawili huenda yangetosha, naye Jumanne angepanda ndege. Lakini orodha ya walioanza, isiyo na jina la aliyeanza, ingemtafuna mpaka huko aendako. Akaandika majina yake matatu, akaongeza namba ya meza, saa nne na dakika kumi, na maneno aliyoyatamka siku ile, kwa herufi kubwa kuliko za Levina.

Mama Zamda aliipepea karatasi wino ukauke, kisha akaikunja.

"Umeandika mengi," alisema. "Wenzako jina tu limewatosha."