Malori ya Sabuni

Binti yangu hunipigia kila Jumamosi kuuliza habari za kiwanda cha sabuni. Si hali yangu, si mgongo wangu; kiwanda. Mama yake alipofariki tulinunua hisa za kiwanda hicho, kila mtu zake, na tangu hapo hatuna mazungumzo mengine.

Yeye ni mtu wa michoro. Yuko mji wa mbali, anatazama kwenye kompyuta mstari wa bei ukipanda na kushuka, basi ameshajua lini anunue, lini auze. Kiwanda chenyewe hajawahi kukiona hata geti. Kwa hilo hanipati, ng'o. Hisa ni kipande cha kiwanda, na kiwanda hutazamwa kwa macho. Mimi nasoma hesabu zao za mwaka, kisha naenda kusimama ng'ambo ya geti. Lori likitoka matairi yamebonyea, sabuni inauzika.

"Baba, bei inajua mambo kabla yako," huniambia.

"Bei inafua nguo?"

Hucheka. Kicheko hicho ndicho hunifikisha Jumamosi nyingine, maana humu ndani hata redio nimeichoka.

Siku za karibuni malori yalitoka mepesi, nikajidanganya kuwa ni mvua. Jana nikakuta geti lina mnyororo. "Mzee, nenda nyumbani," mlinzi akaniambia. "Mashine zenyewe zinaondolewa."

Nilirudi kwa miguu. Kusema kweli sikuwaza hisa zangu. Nilijua nikimwambia atauza, na akishauza hana la kunipigia. Nikinyamaza, hela zake zinateketea. Baba gani huyo?

Leo simu ikalia. "Shikamoo baba. Malori yanasemaje?"

"Uza, mwanangu. Jumatatu soko likifunguliwa tu, uza zote. Kiwanda kimekufa."

"Baba, mimi niliuza mwaka juzi. Bei ilishuka ikavunja mstari wa chini kwenye mchoro, nikatoka. Na wewe nilikwambia uuze, ukakataa."

Hasira zikanipanda. "Mwaka juzi? Halafu kila wiki unanianika juani nikutazamie malori ya nini?"

Nilimsikia akipenga kamasi.

"Sasa ningekuuliza nini, baba?"

Nilikaa na simu sikioni, na yeye hakukata.