Dalali na Meno ya Ng'ambo

Mume wangu ni dalali wa mnada, na mtaa mzima unamwita Mara ya Tatu, kwa sababu ndivyo anavyofunga biashara: nyundo juu, mara ya kwanza, mara ya pili, na hiyo ya tatu inatoka kwa sauti ya kuamsha wafu. Ilikuwa inatoka. Meno ya juu yalipoanza kulegea na mawili ya mbele kudondoka, sauti ilibaki lakini maneno yakawa yanavuja. Wanunuzi wakacheka. Mtu anayeishi kwa mdomo wake akichekwa huo mdomo, hata chakula hakishuki. Alikonda mpaka nikamwonea huruma.

Hapa kwetu bei ya kupandikizwa meno ni ya kuuza nyumba. Akatafuta, akapata kliniki ng'ambo ya mpaka, nchi ambayo lugha ni moja na yetu ila lafudhi tofauti. Wakamwahidi kila kitu kwa safari moja ya siku chache: kung'oa, kufunga skrubu kwenye mfupa wa taya, kuvalisha meno mapya, kwaheri. Angekwenda peke yake. Akashinda na simu sikioni akipatana nao kama anayenunua kabati. Bei ikashuka. Akaomba na hoteli, akapewa. Akaomba na gari la kumpokea, akapewa. Alipokata simu alicheza sebuleni, mtu mzima na kitambi chake.

"Hawakukuuliza habari za afya?" nikasema huku nakunja nguo.

"Binti wa kliniki aliniuliza kama nina ugonjwa au dawa yoyote. Nikamwambia mimi chuma."

Nguo ikaniponyoka. Chuma! Mwaka uliopita mguu ulimvimba, damu imeganda ndani, akalazwa, na tangu hapo kila jioni anameza kidonge cha kuzuia damu isigande. Akijikata kidogo tu wakati wa kunyoa, taulo zima linakuwa jekundu.

"Baba watoto, na kidonge?"

"Mama watoto, wewe hujui biashara. Kabati likiwa na mguu mbovu, dalali hasemi. Ukitaja kasoro, bei inageuka."

"Wewe si kabati! Kabati halifi!"

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Yeye akanuna, mimi nikanuna, chakula kikapoa mezani. Lakini hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Nilimwona amelala katika kitanda cha ugenini, mdomo umejaa mashimo, na daktari aliyemng'oa hajui lolote.

Asubuhi nikamburuta kwa daktari wa meno wa hapa mtaani, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Nilidhani atatufukuza, maana tunapeleka mdomo kwa wengine. Wala. Alimpiga picha ya eksirei, akaitazama, akavua miwani.

"Kwenda ng'ambo si kosa, mzee. Kosa ni kwenda kama mzigo. Daktari atakayekutibu unamjua jina?"

Mara ya Tatu akanitazama mimi. Jina alilolijua ni la dereva wa lile gari.

"Ana leseni?"

Akaanza kukuna kidevu.

"Ukirudi na uvimbe, nani atakuangalia?"

"Si wewe, daktari?"

"Nitakuangalia. Ila uniletee maandishi ya yote waliyokufanyia na yote waliyokuwekea, maana siwezi kugusa skrubu nisiyoijua. Na hicho kidonge usikiache kwa akili yako, wala usikifiche. Daktari aliyekuandikia azungumze na huyo atakayekung'oa. Mficha maradhi, mzee, kilio kitamfichua."

Tulipofika nyumbani nikashika simu mwenyewe, nikaweka spika. Binti wa kliniki alikuwa na sauti ya asali. Kila nilichouliza, jibu lilikuwa "hakuna shida, mama". Nikamwambia mume wangu anatumia dawa ya damu. "Hakuna shida, mama." Hapo nikapandisha sauti.

"Binti yangu, shida ipo, ndiyo maana nimepiga. Nipe daktari, au tuagane."

Daktari akaja kwa video, mwanamume wa makamo mwenye sura ya usingizi. Akataja jina lake na namba ya leseni bila kununa, na baadaye nilipiga simu baraza la madaktari la huko nikathibitisha. Nilipomtajia kidonge, usingizi ukamwisha.

"Mama, hilo sikuambiwa. Nilipangiwa niyang'oe yote ya juu na kufunga skrubu kwa mkupuo mmoja, na siku inayofuata apande ndege."

Akaufumua mpango wote palepale. Kwanza azungumze na daktari wa damu, yule aliyeandika kidonge. Kisha ang'oe machache tu, nasi tukae karibu na kliniki mpaka kidonda kitulie. Skrubu ziwe safari nyingine, baada ya miezi, mfupa ukishapona.

"Na bei?" Mara ya Tatu akachomoza kichwa.

"Itapanda, mzee."

Nikasubiri aanze kupatana. Akameza mate. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye ameshang'olewa jino tayari.

Tukaenda wote wawili, na picha ya eksirei, na barua ya daktari wa damu. Tulipanga chumba mtaa uleule wa kliniki. Alitoka kwenye kiti ameng'ata pamba, akaninyooshea kidole gumba, nami nikadhani yamekwisha.

Mchana wa siku ya pili nilitoka kununua maziwa. Niliporudi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wima, midomo imefungwa. Nikamsimulia foleni ya dukani. Hakujibu. Nikamtania kwamba leo Mungu amenipa mume mpole. Hakucheka. Mtu huyu hata usingizini huongea. Nikaweka maziwa chini, nikamtazama koo. Alikuwa anameza, anameza, anameza.

Nikasubiri uongo wake, na jibu nilikuwa nimeshaliandaa.

Akatoa pamba. Ilikuwa imelowa chapachapa, nyekundu tupu.

"Mke wangu," akasema, damu ikimchuruzika kidevuni, "haikomi. Tangu asubuhi. Nilitaka kuficha." Akanitazama. "Naogopa."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Hasira ikaniisha palepale, sikujua imekwenda wapi.

Nilikuwa na namba ya daktari mwenyewe, si ya yule binti. Akapokea mara moja, na tulipofika alikuwa ameshavaa glavu. Kidonge alikijua, dozi aliijua, hakupoteza muda kwa maswali. Akamchoma ganzi, akasafisha, akaweka dawa ya kugandisha damu, akashona. Mimi nilikaa kwenye benchi la korido, nikisoma bango la kupiga mswaki neno kwa neno bila kuelewa kitu.

Hatimaye mlango ukafunguliwa. "Imekoma, mama," daktari akasema. "Mmewahi."

Nikalia, kwa sauti, mbele ya wagonjwa wote, wala sikuona haya.

Tulirudi chumbani taratibu. Alinishika mkono barabarani, mchana kweupe, yeye ambaye siku zote hutangulia mbele kana kwamba hatujuani. Tulipofika pa kuvukia akasimama, akatazama saa yake ya mkononi.

"Kwa ule mpango wangu," akasema kwa pembe ya mdomo, "saa hizi ningekuwa ndani ya ndege."

"Nyamaza, kidonda kipone."

"Na ningenyamaza kweli," akasema. "Ningemeza tu mpaka mwisho, jirani wa kiti asijue."

Nikaukaza mkono wake, magari yakapita, tukavuka.