Mtu Aliyepita Tessel kwa Miguu

Verla Stuckey alikuwa anatoa bakuli la viazi na jibini kwenye joko, tayari kwa chakula cha pamoja kanisani, simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa jirani yake, Lonnie Habeger.

"Verla, kuna mtu anatembea huko barabarani kwako."

"Anatembea vipi?"

"Kwa miguu, mama! Anasukuma kigari cha mtoto, na mtoto hamna. Nimemtazama kwa darubini. Amesimama mara mbili kwenye uzio wako."

Verla aliliweka bakuli chini. Sehemu ile ya Nebraska, katikati ya Marekani, watu hawatembei. Hata kwenda kuchukua barua kwenye kisanduku cha njiani mtu anawasha gari. Ukionekana kwa miguu, basi ama gari lako limeharibika, ama kichwa chako. Na mwaka ule kulikuwa na sababu nyingine ya kumwogopa mgeni. Kampuni moja ilitaka kupitisha bomba la gesi chini ya mashamba ya kijito cha Tessel, na wakulima wote walikuwa wameapa kanisani kwamba hakuna atakayetia saini. Lonnie ndiye aliyetangulia kuinua mkono.

"Huyo ni mpima ardhi wao," Lonnie alisema. "Gari lao tunalijua, sasa wanatuingilia kwa miguu. Usimpe hata maji."

Verla alipakia viazi kwenye pikapu, akaondoka. Alimkuta yule mtu kwenye kona ya shamba lake la mahindi: mrefu, mweusi kwa jua, ndevu zimejaa vumbi la changarawe. Alishusha kioo nusu.

"Umepotea?"

"Hapana, mama. Naitwa Royce Tillman. Natoka pwani ya Atlantiki, naelekea ile nyingine."

"Kwa miguu?"

"Viatu hivi ni vya nne."

"Nani anakulipa?"

Royce alicheka. "Ningempata wa kunilipa ningenunua vya tano."

Verla hakucheka. Alitupa jicho kwenye kigari: hema, madumu ya maji, sufuria nyeusi kwa moshi. Vyombo vya kupimia hakuviona, lakini mwenye hila haweki vyombo juu juu.

"Kwenye uzio wangu ulisimama kufanya nini?"

"Mara ya kwanza kokoto kiatuni. Mara ya pili..." Aliona haya. "Mama, njia hii haina hata kichaka."

Jibu lilikuwa jepesi mno, na Verla hakulipenda. Akaona afadhali amweke mahali ambapo macho mengi yatamwona. Akamwambia kanisani kuna chakula, mbele kidogo, apande.

"Nashukuru, ila sipandi gari. Nikipanda hata mara moja, safari yote imekufa."

Basi Royce akatangulia na kigari chake, na Verla akamfuata nyuma mwendo wa kobe, kama askari anayesindikiza mfungwa, viazi vikipoa kitini.

Ukumbi wa chini ya kanisa wote uligeuka kuwatazama walipoingia. Akina mama walimjazia sahani, nyama, maharage, viazi, pai ya tufaha, lakini hakuna aliyekaa karibu naye isipokuwa Lonnie, aliyevuta kiti akakaa mbele yake uso kwa uso.

"Haya, kijana. Bomba litapita wapi?"

"Bomba gani?"

"Usijifanye bwege."

Royce aliweka uma chini. Alitazama nyuso zile zote, na hapo akaelewa kwa nini tangu asubuhi mapazia yalikuwa yakitikisika kila nyumba aliyopita.

"Aa, mnadhani mimi ni wa wale wenye gari jeupe lenye duara la kijani mlangoni? Hao nimewaona jana jioni. Walikuwa nyumba yenye ghala la bluu, wanakunywa kahawa barazani. Walipoondoka walipeana mikono na mwenye nyumba. Mimi niliomba maji, mbwa akanifukuza."

Kijito kizima kilikuwa na ghala moja tu la bluu. Lonnie alikuwa amelipaka mwenyewe.

"Mwongo huyu!" Lonnie alisimama, kiti kikaanguka. "Mnaona? Ametumwa kutugombanisha!"

Verla alimtazama. Alimjua mtu huyu tangu shule. Yeye alimzika mumewe na Lonnie mkewe kwenye makaburi yale yale. Kila Lonnie alipodanganya, masikio yake yaliwiva. Sasa yalikuwa mekundu kama nyanya.

"Lonnie," alisema polepole, "twende nje."

Nje, kando ya magari, Lonnie hakubisha tena.

"Nimechoka, Verla. Watoto wako mjini, hawataki hata kusikia habari ya ng'ombe. Shamba namwekea nani?"

"Ungeniambia mimi."

"Ungenitazama hivyo unavyonitazama."

"Na mgeni wa watu ukamwita jasusi?"

"Nilitaka mtazame upande mwingine," alisema Lonnie. Akaingia kwenye gari lake bila kurudi ndani kuchukua bakuli alilokuja nalo.

Royce alijaza maji kwenye madumu. Verla alimwelekeza nyumba ya kuepuka, yenye mbwa watatu, akamfungia kipande cha pai kwenye karatasi. Kisha akamuuliza lile lililokuwa likimkera.

"Sasa wewe, kweli, unatembea kwa nini?"

"Nikifika nitajua, mama."

Hilo nalo hakuliamini. Alisimama akimwangalia mpaka alipovuka uzio wa mwisho.

Masika yaliyofuata matingatinga yalichimba shamba la Habeger, udongo mweusi ukalala kando kama mgongo wa nyoka, yakafika kwenye waya wa Verla yakasimama. Wengine kijitoni bado hawajatia saini. Lakini siku hizi wakikutana kanisani, kila mmoja hutazama kwanza masikio ya mwenzake.